Divai ya Puglia na Chakula cha Vibarua

Wengi wetu tumezoea kuiona divai kuwa kinywaji cha mabwana, cha kuwekwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe. Lakini Puglia, kule kwenye kisigino cha Italia, divai nyekundu ni kinywaji cha vibarua wa mashamba, na vyakula vinavyopatana nayo ni vyakula vya vibarua haohao.

Tuchukue ile iitwayo Primitivo, ya upande wa Manduria. Jina hilo latokana na kuwahi, kwa kuwa zabibu zake huiva mapema, kuanzia mwishoni mwa Agosti, jua la kiangazi likiwa bado kali. (Wenzetu wa Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, Puglia ni mara moja tu.) Jua hujaza zabibu sukari, na sukari ikichachuka hugeuka kileo. Kwa hiyo divai hii mara nyingi hufika asilimia 14 au zaidi, karibu mara tatu ya bia ya kawaida. Glasi ndogo yatosha.

Mizabibu ya zamani ya huko haifungwi kwenye waya. Hukatwa ikawa vichaka vifupi vinavyostahimili ukame na upepo, na mvunaji huinama kutwa. Juu ya hayo, kwa miaka mingi divai yenyewe haikuwa na jina. Ilisafirishwa kwa matangi hadi Italia ya kaskazini na Ufaransa, ikachanganywa na divai dhaifu za huko ili kuzipa nguvu na rangi. Mkulima wa kahawa hahitaji kuelezwa zaidi. Jina la Manduria lilianza kulindwa kisheria mwaka 1974.

Sasa chakula. Wafanyakazi wa chai wanajua kwamba chai kali ya rangi huacha ukakasi mdomoni, na maziwa yakitiwa ukakasi hutulia. Divai nyekundu nayo ina ukakasi, utokao kwenye maganda na mbegu za zabibu, na nyama na mafuta hufanya kazi ileile ya maziwa. Ndiyo sababu watu wa Puglia huinywa na kondoo wa kuchoma, na jibini kavu ya maziwa ya kondoo, na tambi zenye umbo la sikio dogo zilizomwagiwa mchuzi wa nyanya na nyama. Nyama hiyo huweza kuwa ya farasi, msishangae: ni nyama ngumu, hupikwa saa nyingi mpaka ilegee. Kwetu, mbuzi wa kuchoma au mchuzi mzito wa ng'ombe ungefaa vilevile.

Samaki hapatani nayo, maana huacha mdomoni ladha kama ya chuma. Pilipili kali nayo huzidisha ule moto wa kileo. Chakula cha kimaskini kabisa cha huko, maharage mapana makavu yaliyopondwa na kuliwa na mboga chungu za porini, hunywewa divai pia, ingawa kwa maoni yetu uchungu juu ya ukakasi ni mwingi mno.

Mkoa huohuo ulimzaa Giuseppe Di Vittorio, mtoto wa vibarua wa Cerignola, aliyezaliwa mwaka 1892 na baadaye kuongoza chama kikuu cha wafanyakazi cha Italia hadi alipofariki mwaka 1957. Unyapara alioukuta haujaisha. Nyapara bado hukusanya vibarua alfajiri, huwatoza nauli ya gari na kukata sehemu ya ujira wao. Mwezi Julai 2015 mwanamke mmoja alifariki akiwa kazini katika mizabibu ya Andria, akipunguza vishada vya zabibu za kula. Vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele, na Oktoba 2016 ikapitishwa sheria namba 199, ambayo humwadhibu nyapara pamoja na mwajiri anayemtumia.