Chai na Afya: Saa ya Kunywa, Joto la Kikombe na Kijiko cha Sukari

Baada ya maji, hakuna kinywaji kinachonywewa na watu wengi duniani kuliko chai. Katika Afrika ya Mashariki, neno lenyewe limepata maana pana kuliko kinywaji. Anayealikwa kunywa chai asubuhi hatarajii kikombe kitupu: anatarajia chapati, maandazi, mihogo au viazi. Chai ni jina la mlo, na ndiyo maana si rahisi kwa wengi kuitenganisha na chakula.

Watu huuliza mara kwa mara ni aina ipi ya chai iliyo bora kwa afya. Swali hilo ni zuri, lakini ushahidi wa kitabibu unaonyesha kwamba jibu lake lina uzito mdogo kuliko majibu ya maswali mengine matatu: chai inanywewa wakati gani, ina joto kiasi gani, na imetiwa nini.

Mmea mmoja, chai nyingi

Chai nyeusi, chai ya kijani, chai nyeupe na ile iitwayo oolong zote hutokana na mmea mmoja, Camellia sinensis. Tofauti zao huanzia kiwandani. Majani ya chai nyeusi husagwa na kuachwa yakutane na hewa mpaka yageuke rangi, kisha hukaushwa. Majani ya chai ya kijani hupitishwa kwenye mvuke au kikaango mara baada ya kunyauka kidogo ili yasigeuke. Oolong husimama katikati ya njia hizo mbili, na chai nyeupe hutengenezwa kwa machipukizi machanga yasiyoshughulishwa sana.

Chai inayolimwa Usambara, Rungwe, Mufindi na Njombe, kama ile ya Kericho na Limuru ambako ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903, kwa sehemu kubwa hutengenezwa kuwa chai nyeusi. Ikinywewa bila maziwa huitwa chai ya rangi. Ikichemshwa na maziwa huitwa chai ya maziwa. Jani ni lilelile.

Vinywaji vya mchaichai, tangawizi, mnanaa na rosela, ambayo wengine huiita choya, huitwa chai kwa mazoea tu. Havitokani na mmea wa chai, na havina kafeini. Kikombe cha chai nyeusi huwa na kafeini ya takribani miligramu 40 hadi 50, karibu nusu ya ile iliyomo katika kikombe cha kahawa.

Faida zinazojulikana

Majani ya chai yana wingi wa kemikali za mimea ziitwazo polifenoli. Nchini Uingereza, watafiti walifuatilia watu wapatao 500,000 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2022: waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya chai nyeusi kwa siku walikuwa na uwezekano wa kufariki ulio chini kwa asilimia 9 hadi 13 kuliko wasiokunywa. Nchini Japani, utafiti wa watu zaidi ya 40,000 uliochapishwa mwaka 2006 ulihusisha chai ya kijani na upungufu wa vifo vya maradhi ya moyo na mishipa ya damu, ingawa haukuona upungufu wa vifo vya saratani. Tafiti za namna hii huonyesha uhusiano. Hazithibitishi kwamba chai ndiyo sababu. Hata hivyo, zinatosha kumwondolea hofu mtu mzima mwenye afya njema anayependa chai yake.

Kwa rosela, ushahidi ni wa majaribio. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu wazima 65 nchini Marekani ambao shinikizo lao la damu lilikuwa juu kidogo. Waliokunywa vikombe vitatu vya rosela kwa siku kwa wiki sita walipungukiwa na shinikizo la juu kwa takribani pointi 7, na wale waliopewa kinywaji cha kufananisha kwa pointi 1. Faida hiyo ni ya kweli lakini ni ndogo. Haimruhusu mgonjwa kuacha dawa zake. Tangawizi, kwa upande wake, imo katika mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 kwa ajili ya kupunguza kichefuchefu cha miezi ya mwanzo ya ujauzito.

Chai na damu

Polifenoli hizohizo zinazosifiwa zina upande wa pili. Zinapokutana tumboni na madini ya chuma yatokanayo na mimea, kama vile maharage, mchicha na nafaka, huyashika na kuyazuia yasifyonzwe na utumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chai nyeusi iliyonywewa pamoja na mlo wa mkate ilipunguza ufyonzwaji wa madini hayo kwa asilimia 79 hadi 94. Kuongeza maziwa hakukuleta nafuu ya maana. Hata chai ya mnanaa, ambayo wengi huidhani haina neno, ilizuia kwa kiwango kinachokaribia hicho. Madini ya chuma yatokanayo na nyama na samaki hayaathiriki sana kwa njia hii.

Kwa mtu mwenye damu ya kutosha anayekula nyama mara kwa mara, jambo hili ni dogo. Lakini Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2015–16 ulikuta upungufu wa damu kwa asilimia 45 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Sababu zake ni nyingi: malaria, minyoo, hedhi nzito, seli mundu na lishe duni. Chai haikuuleta upungufu huo peke yake. Hata hivyo, katika nyumba ambamo chuma cha mwili kinategemea maharage na mboga, kikombe kinachoandamana na kila sahani hupunguza kile kidogo kilichopo.

Anayeathirika zaidi ni mama mjamzito. Shirika la Afya Duniani linapendekeza ameze miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma kila siku, na kliniki humpatia vidonge ambavyo wengi huviita vidonge vya kuongeza damu. Akivimeza asubuhi kwa chai, sehemu ya dawa hupotea bila yeye kujua. Mama anaweza kutimiza dozi yote kwa uaminifu, na bado akafika siku ya kujifungua damu yake ikiwa pungufu, wakati ambapo kutokwa na damu kunaweza kumgharimu maisha.

Dawa ya tatizo hili ni saa tu. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza waliwapa wanawake uji ulioongezwa madini ya chuma, kwanza pamoja na chai, kisha chai ikacheleweshwa kwa saa moja. Kuchelewesha huko kulipunguza madhara ya chai kwa kiasi cha kuridhisha. Basi na chai inywewe angalau saa moja kabla au baada ya mlo, na vidonge vimezwe kwa maji. Chungwa, embe au maji ya ndimu pamoja na chakula huongeza ufyonzwaji, kwa sababu ya vitamini C.

Watoto nao wakumbukwe. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama. Akianza kula, chai isichukue nafasi ya uji wenye lishe. Hushibisha tumbo dogo bila kuujenga mwili.

Joto la kikombe

Mwaka 2016 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulitangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 za sentigredi huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kinacholaumiwa ni joto lenyewe, si jani la chai. Maeneo ya mashariki ya Afrika, kuanzia Kenya kupitia Tanzania hadi Malawi, yana wagonjwa wengi wa saratani hiyo, na sababu zake bado zinachunguzwa. Pombe na tumbaku zimo pia. Vipimo vilivyofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 vilikuta watu wakianza kunywa chai ikiwa na wastani wa joto la zaidi ya nyuzi 70, na chai ya maziwa ilinywewa ikiwa ya moto zaidi kuliko ya rangi. Asiye na kipimajoto ana ulimi: chai isiyoweza kutulia kinywani bila kuchoma haijafaa kumezwa.

Sukari na chai za matangazo

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni takribani gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Anayetia vijiko vitatu katika kila kimoja cha vikombe vitatu amekwisha kula gramu 36 kabla hajagusa soda wala andazi. Kupunguza nusu kijiko kila wiki humzoesha mnywaji pasipo kulazimisha.

Tahadhari ya mwisho inahusu chai za kupunguza uzito na vidonge vya chai ya kijani iliyokolezwa. Nyingi ya chai hizo zina majani ya sanamaki, ambayo huharisha na kupoteza maji na chumvi za mwili, si mafuta. Kuhusu vidonge vilivyokolezwa, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba dozi kubwa inaweza kudhuru ini. Chai ya kawaida ya kikombe haimo katika onyo hilo.

Mabadiliko yanayohitajika, kwa hiyo, hayamnyimi mtu chai yake wala hayamtozi hata senti. Kazi kubwa imebaki kwa mhudumu wa kliniki. Anapomkabidhi mama vidonge vyake, pamoja na kumwuliza kama anavimeza kila siku, amwulize pia anavimeza kwa nini: kwa maji, au kwa chai.