Siku 112 za enka ya André Gomes

FEBRUARI 23, 2020, André Gomes aliingia kutokea benchi kipindi cha pili, Everton ikicheza ugenini dhidi ya Arsenal. Everton ilifungwa 3-2, lakini zilikuwa zimepita siku 112 tu tangu enka yake ya kulia ivunjike, ungio likachomoka na mguu ukaelekea kusiko kwake.

Ilikuwa Novemba 3, 2019, Goodison Park. Son Heung-min wa Tottenham alimkwatua kutoka nyuma, Mreno huyo akayumba na kugongana na Serge Aurier. Son alishika kichwa akilia. Kadi nyekundu aliyopewa ilifutwa baadaye, na ilistahili kufutwa. Kilichovunja mguu ni namna ulivyotua.

Enka imekaa kama koleo. Mfupa mkubwa wa ugoko upande wa ndani na ule mwembamba wa nje hubana katikati mfupa wa chini unaobeba uzito wote. Ukivunjika bila kuhama, plasta gumu mara nyingi linatosha. Ukihama, hata milimita chache, uzito hukaa kwenye sehemu ndogo ya gegedu, inasagika, na mchezaji anaanza kuchechemea angali kijana. Ndiyo maana madaktari hupasua.

Kwenye ndondo za mitaani, aliyeanguka hivi huchuliwa na maji ya moto, kisha anavutwa mguu na yeyote anayejiamini. Jamani, acheni! Ufungwe kitu kigumu, apelekwe hospitali upesi, maana ngozi na mishipa ya damu iliyovutika haina subira.

Hospitali ungio hurudishwa kwanza, ndipo upasuaji upangwe. Uvimbe ukizidi, daktari anaweza kusubiri wiki moja au mbili, kwani kidonda kwenye ngozi iliyovimba hugoma kufunga na huingiza wadudu. Gomes alipasuliwa kesho yake. Kwa kawaida daktari huchana pembeni ya enka, hupanga vipande vya mfupa, halafu hukaza bamba la chuma kwa skrubu.

Mfupa huanza kushika kwa takriban wiki sita. Kisha ndiyo shughuli yenyewe: kulainisha enka iliyokakamaa, kurudisha kigimbi kilichonywea, kujifunza upya kusimama kwa mguu mmoja. Vyuma vyenyewe mara nyingi havitolewi, labda vikisumbua ndani ya kiatu.