UZI: Mgodi ukishafungwa, nani analipia pampu?

Mdahalo wowote wa kampeni ukifika kwa madini, utasikia mambo mawili: kazi kwa vijana na mgao wa mrabaha. Makofi pande zote. Mimi huwa nasubiri swali la tatu, na haliji. Twende Ujerumani kidogo.

Kule Bottrop, eneo la Ruhr, kuna njia ya miguu inayopanda kilima kinaitwa Halde Beckstraße. Kilima chenyewe si cha asili. Ni mawe taka yaliyotolewa chini pamoja na makaa, yakarundikwa miaka na miaka. Leo kimeota miti, watu wanapanda na watoto, na juu kabisa kuna mnara wa chuma uliojengwa 1995. Unaona mji wote. Picha safi sana, na ndiyo ile mwanasiasa atakuonyesha akisema, "Si mnaona? Uchimbaji hauharibu."

Shida iko chini, mahali kamera haifiki. Ardhi ya Ruhr imezama, kwingine zaidi ya mita 20, kwa hivyo kuna vijito ambavyo haviwezi kutiririka vyenyewe. Maji yanasukumwa kwa pampu, la sivyo mitaa inafurika. Halafu kuna maji yenye chumvi ndani ya migodi ya zamani, ambayo lazima yavutwe yasifikie maji ya kunywa. Prosper-Haniel, mgodi wa mwisho wa makaa wa chini ya ardhi nchini humo, ulifungwa hapohapo Bottrop Desemba 2018. Pampu hazijazimwa. Wenyewe wanaziita kazi za milele. Milele, jameni, si miaka mitano.

Sasa siasa yenyewe. Mwaka 2007, miaka 11 kabla ya kufunga, waliunda wakfu, RAG-Stiftung, ukapewa hisa za kampuni kubwa ya kemikali ili faida yake ilipie pampu. Ikipungua, serikali inaziba pengo. Yaani mlipa ushuru.

Huku kwetu, Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii. Hizo namba kila mtu amezikariri. Sheria hiyohiyo inataka mwenye leseni aweke dhamana ya mazingira, na hiyo sijaisikia jukwaani hata siku moja. Uchimbaji wa titani Kwale uliisha Desemba 2024. Makaa ya Mui, Kitui, bado yako ardhini. Mgombea akikuletea picha ya kilima cha kijani, muulize: dhamana ni pesa ngapi, imewekwa wapi, na ikiisha nani anaendelea kulipa?