Tusiivunje Mizani ya Al-Inkishafi

Tulipokuwa tukiandaa karatasi ya darsa ya vijana, mmoja wetu, kwa nia njema, alizisanifisha beti za Al-Inkishafi: "alo" akaigeuza "aliye", na mengine mfano wa hayo. Kijana aliyepewa kuzighani alikwama katika ubeti wa pili.

Hakukosea yeye. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate aliutunga utenzi huu kwa kipimo madhubuti: kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo mizani 11, na sauti hutua baada ya mizani ya sita. "Alo" ina mizani mbili. "Aliye" ina tatu. Mizani moja ikizidi, pumzi hukatika mahali pasipo pake.

Vina navyo vina kazi yao. Mishororo mitatu ya kwanza huafikiana, na kina chake hubadilika ubeti hadi ubeti. Wa nne huishia kwa "-ye", utenzi mzima. Mshairi anausuta moyo wake mwenyewe, anauonyesha magofu ya Pate na makaburi ya waliokuwa matajiri. Kila hoja ikifika kikomo, "-ye" ile ile inarejea, na moyo hauna pa kukimbilia. Kwetu sisi, uzito wa utungo huu umo humo kuliko hata katika picha za majumba yaliyoporomoka. Anayeandika "ikae" badala ya "ikaye" ameufungulia moyo mlango.

Karatasi tumeichapisha upya kwa lugha ya mshairi, maana za maneno magumu zikiwa pembeni. Kijana atazighani tena Ijumaa, baada ya Isha, inshaallah.