Utungo na Utulivu wa Moyo

Huulizwa mara nyingi kama kazi ya sanaa huyapa maisha ya kila siku maana na utulivu. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, watupa jibu moja. Mtungaji wake, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, aeleza kuwa maradhi yalikuwa yamemshika mwaka mzima. Amwita binti yake, amwagiza wino na karatasi, ampa wasia wa dini, adabu na unyumba. Kisha augeuza utungo kuwa dua ya kuomba afya.

Afya haikurejea, yasemekana alifariki mwaka 1860 hivi. Je, utungo ulimfaa nini? Yatupasa kuitazama kazi yenyewe. Kila kipande chataka mizani nane. Vipande vitatu hupatana kwa vina, na cha nne hurejea kina kimoja cha utendi mzima. Mwenye kutunga hana budi kuchagua neno, kulipima, na kumwelekezea msikilizaji wake. Hivyo siku za ugonjwa zilipata kazi, na kazi ile ikapata mrithi. Basi msomaji asiutafute utulivu huo katika kujibiwa kwa dua, bali katika kule kutunga kwenyewe.