Picha nyeusi na nyeupe nyumbani: uso wa mzee usipotee

Mwaka jana mama mjane mmoja alituletea picha ndogo ya marehemu mume wake, ya nyeusi na nyeupe, iliyokunjwa katikati. Ndiyo pekee iliyobaki. Alitaka tuikuze kwa ajili ya siku ya ukumbusho. Tuliichapa haraka kwa imprimante yetu ya nyumbani, tukiogopa umeme kukatika. Mama aliitazama, akanyamaza, kisha akasema: «Mchungaji, huyu si yeye.» Alisema kweli. Uso ulikuwa doa jeusi, na shati jeupe lilikuwa limegeuka kijani. Tuliona haya. Tangu siku ile tulijifunza mambo haya.

Tuanze na nakala. Kama hakuna skana, weka picha karibu na dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, uipige kwa simu iliyonyooka, bila flashi. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inapunguzwa. Itume kama dokima. Ili karatasi ya sentimita 10 kwa 15 itoke safi, picha inahitaji karibu nukta 1200 kwa 1800. Ikiwa chini sana ya hapo, usiikuze mno.

Sasa, kijani kilitoka wapi? Imprimante nyingi za nyumbani zina wino wa aina nne: mweusi, buluu, wekundu wa waridi na manjano. Hata picha ikiwa nyeusi na nyeupe, mara nyingi mashine huchanganya rangi zote ili kupata kijivu. Rangi moja ikizidi kidogo, kijivu kinaelekea kijani au waridi, na kinaweza kubadilika ukitoka kwenye taa kwenda juani. Katika mipangilio chagua «niveaux de gris». Lakini angalia: ukiiambia mashine kwamba karatasi ni ya kung'aa, nyingi huacha wino mweusi wa maandishi, kwa sababu haushiki vizuri juu ya karatasi hiyo, na zinarudia kuchanganya rangi. Kwa hiyo sisi tunapenda karatasi nzito isiyong'aa. Nyeusi yake si ya kina sana, lakini kijivu kinatulia.

Jambo la tatu ni giza, na hapa ndipo tulipomkosea yule mama. Kioo cha simu kinatoa mwanga wake. Karatasi haina mwanga wa kwake. Picha inayopendeza kwenye simu inatoka nyeusi zaidi kwenye karatasi, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaopoteza macho na mikunjo ya uso. Ongeza mwanga kwenye sehemu za giza, si picha nzima, la sivyo shati na ukuta vitafutika. Kisha chapa kwanza kipande kidogo cha uso tu, mara tatu, kwa mwanga tofauti. Kitazame mchana, uchague. Kipande hiki kinaokoa karatasi na wino.

Mashine nayo inataka kutunzwa. Wino hukauka kwenye matundu yake, kwa hiyo chapa kitu kidogo kila wiki. Zima kwa kitufe chake, usichomoe waya tu, maana inapozimwa vizuri kichwa cha wino kinafunikwa. Ukiona mistari, fanya jaribio la matundu kabla ya kusafisha, kwa sababu kusafisha kunakula wino mwingi.

Picha ikitoka, iache ikauke siku nzima kabla ya kuitia kwenye fremu. Isigusane na kioo, isitundikwe juani, isipate maji: wino mwingi wa nyumbani huyeyuka na kufifia. Na ile ya zamani usiitupe. Nyuma yake, pembeni, andika majina kwa penseli laini, bila kukandamiza.

Tulirudia kazi ya yule mama. Safari hii alipitisha kidole juu ya paji la uso wa mume wake, palipokuwa na kovu, akasema: «Sasa ni yeye.»

Waliokimbia lava ya Nyiragongo mwaka 2002 na 2021, na wote waliokimbia vita, wanajua kwamba picha haiwi kati ya vitu vya kwanza kubebwa. Basi zile chache zilizobaki, tuzinakili sasa, wakati wazee wanaojua majina ya waliomo bado wako nasi.