Fedha ya Kahawa na Matumizi ya Nyumbani

Mwenye mshahara hupata fedha mara 12 kwa mwaka. Mkulima wa kahawa hapa Kilimanjaro huzipata mara chache tu, hasa katika miezi ya mavuno, kati ya Julai na Desemba, wala bei si yeye anayeipanga. Yafaa sisi wanafunzi tulielewe jambo hili, maana kwa wengi wetu sare, madaftari na nauli hutoka kihambani.

Kwa nini bei hupanda na kushuka? Bei ya kahawa ya arabika, ambayo ndiyo yetu, hufuata soko la New York. Na soko hilo hutazama kwanza Brazili, nchi itoayo kahawa nyingi kuliko zote duniani. Mwezi wa Julai 1975 jalidi iliunguza mibuni ya Brazili, na mwaka 1977 bei ikapita dola 3 kwa ratili. Bei ikiwa nzuri, watu wa nchi nyingi hupanda mibuni. Lakini mbuni hukaa miaka 3 hivi kabla ya kuzaa. Basi waliopanda pamoja huvuna pamoja, kahawa hujaa sokoni, na bei huanguka.

Ili kuzuia maanguko hayo, mwaka 1962 nchi zinazouza na zinazonunua zilifanya mapatano ya kugawana kiasi cha kuuza. Mwezi wa Julai 1989 mgawo huo uliachwa, na mwishoni mwa mwaka 2001 bei ilikuwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Huku mlimani wengi waliacha kupogoa na kunyunyiza dawa. Wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi. Hatuwezi kuwalaumu, kwani nyumba lazima ile. Lakini Februari 2025 bei ilipita dola 4, na aliyeng'oa hakuwa na cha kupeleka kwenye mizani.

Babu zetu waliona mapema kwamba mkulima mmoja hana nguvu mbele ya soko. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 kikafuatiwa na K.N.C.U. hapa Moshi. Chama hakiwezi kuiamuru New York, lakini huuza kwa pamoja. Desturi ya ushirika ni kumpa mkulima malipo ya kwanza anapoleta kahawa, na nyongeza baada ya kuuzwa. Nyongeza hiyo hakuna aijuaye mpaka ifike. Kwa hiyo si busara kuikopea.

Tuchukue mfano. Tuseme nyumba moja imepata shilingi 1,200,000 kwa kahawa ya mwaka mzima. Zikiwa mkononi zaonekana nyingi sana. Zigawanye kwa miezi 12: ni shilingi 100,000 tu kwa mwezi. Desemba ndugu hurudi nyumbani kutoka kila pembe, ng'ombe huchinjwa na mbege hunywewa. Kama shilingi 600,000 zimekwenda katika sikukuu, mwaka mzima umebakiwa na 50,000 kwa mwezi. Na Januari shule hufunguliwa. Ni kweli ada ya shule za serikali iliondolewa, kidato cha 1 hadi cha 4 mwaka 2016, na cha 5 na 6 mwaka 2022. Lakini viatu, sare na nauli bado hununuliwa kwa fedha.

Basi mpango mwema ni huu. Kwanza, mti upate haki yake: mbolea, dawa ya chulebuni na kutu ya majani, au miche ya Lyamungu inayostahimili magonjwa hayo. Pili, fedha ya shule iwekwe kando kabla ya Desemba. Tatu, sikukuu ipewe kiasi chake. Na mwaka wa bei nzuri, nyumba iendelee kuishi kama katika mwaka wa bei ya kawaida. Ziada inunue kitu kinachodumu, kama ng'ombe wa maziwa, au iwekwe katika chama cha akiba na mikopo. Akiba haiozi.

Likizo hii, kila mwanafunzi achukue karatasi aketi na wazazi wake, waandike yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyobaki. Hesabu ya kujumlisha na kutoa tuliimaliza shule ya msingi. Sasa na itusaidie nyumbani.